Imefungwa na Verna Tormala

18 Novemba

Tangu jana nina sauti moja kichwani. Ting. Kama kijiko kinachogongwa kwenye glasi ili watu wanyamaze, halafu aliyegonga asiseme kitu. Jana niliisikia asubuhi nzima katika ukumbi wa chini wa kanisa, tulipokuwa tukijaribu kompyuta mpya. Leo nimeisikia nikioga.

Sauti ni yetu wenyewe. Curtis Beaudry, bosi wangu, aliichagua kabla hajaniajiri. Programu yetu inaitwa Kahawa. Mzee anayeishi peke yake huwekewa kitufe karibu na birika, na kila asubuhi akimimina kikombe cha kwanza anakibonyeza. Asipobonyeza mpaka saa tatu, arifa inajitokeza kwenye pembe ya kioo cha kompyuta ya mtu wa zamu kanisani, ikiwa na jina, simu na barabara, na chini yake vitufe viwili: Nampigia, Naenda. Mtu huyo asipojibu kwa robo saa, jina linakwenda kwa mtu wa pili, na huyo naye akinyamaza linakwenda kwa sherifu. Ni kiendelezi kidogo cha kivinjari, yaani nyongeza ya ile programu ya kufungulia tovuti, kurasa chache za msimbo, na karibu kazi yake yote ni kusikiliza. Arifa imebofywa, kitufe kimebonyezwa, arifa imefungwa. Kila tukio lina msikilizaji wake, kipande cha msimbo kinachosubiri litokee.

Mkuu wa zamu za asubuhi ni Verna Tormala. Alikuwa mpishi wa shule yetu ya msingi mpaka alipostaafu. Mimi mwenyewe alinipakulia viazi tangu darasa la kwanza. Jana alikaa mbele ya kompyuta mpya mkono ukiwa juu ya kipanya, macho makali, kama mtu anayewinda.

"Tuma, binti."

Nikatuma. Alibofya kabla sijainua kidole changu.

"Umeona? Mbele ya sufuria na mbele ya mashine, mimi sichelewi."

"Bi Verna, haya si mashindano."

"Ungelishwa wali wa baridi usingesema hivyo. Tuma tena."

Tulituma tena na tena, watu wote wa zamu wakipokezana kiti. Curtis akaandika kwamba kila kitu kinafanya kazi.

22 Novemba

Theluji. Daraja la Hancock limefungwa nusu siku. Nimelala na kuamka na kulala.

27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Curtis alinialika kwao, anajua sina pa kwenda. Baba yake, mzee Emile, yumo katika Kahawa. Ndiye aliyekuwa wa kwanza, programu ilianzishwa kwa ajili yake. Asubuhi alibonyeza kitufe mbele yetu kwa mbwembwe, kama rais anayefungua barabara. Curtis alicheka, kisha akageukia dirishani akakaa hivyo muda mrefu. Alinifundisha chuoni miaka miwili na sijawahi kumwona akigeuka hivyo. Nilijifanya nahangaika na bata mzinga.

4 Desemba

Betri ya kitufe cha mzee Arvo Kangas ilikuwa inakaribia kuisha. Anakaa peke yake mwisho wa barabara ya mgodi wa zamani. Verna alinipeleka kwa gari lake. Langu haliwezi kupanda kilima kile wakati wa theluji.

"Hujafa?" Verna alimsalimu mlangoni.

"Nilitaka. Nikakumbuka utaleta mazishini ile tambi yako ya samaki, nikaahirisha."

"Watu huomba mapishi yake."

"Ili wajue cha kukwepa."

Alitukatia mkate wa iliki, vipande vinene, na akatumiminia kahawa nyeusi inayosimamisha nywele. Nilipomaliza kuweka betri alikinyooshea kitufe kidole.

"Nikianguka, hiki kitakuja kuniinua?"

"Hapana, mzee. Kitamwita Bi Verna."

"Basi afadhali nibaki chini."

Verna alimtupia glavu. Tukaanza safari ya kurudi. Tulipofika kwenye taa za barabarani Verna alisema, bila kuniangalia, "Aliniomba tucheze dansi, nikiwa na umri wako. Nikamwambia ana viatu vya kukatia miti. Sasa kila akiniona ananiuliza kama hivi navyo ni vibaya." Akaendesha kidogo. "Vibaya kweli. Hajawahi kununua vingine."

11 Desemba

Theluji. Macho yanauma. Nimekula supu ya kopo nikiwa nimesimama.

18 Desemba

Siku tupu. Theluji tangu alfajiri, upepo kutoka ziwani. Nimebadilisha rangi ya vitufe, kijani kilikuwa kikali mno.

19 Desemba

Mzee Arvo alianguka jana asubuhi katika banda la kuni. Alivunjika nyonga. Alilala chini siku nzima, mlango ukiwa wazi, theluji ikiingia. Aliyemkuta ni dereva wa gari la kusukuma theluji, jioni, aliyeshangaa kuona taa ya banda ikiwaka. Yuko hospitali. Wanasema mwili wake ulikuwa baridi hata kipimo hakikusoma.

Hakubonyeza kitufe. Saa tatu arifa ilitumwa, kama inavyotakiwa. Mfumo unaonyesha kilichofuata katika mstari mmoja ambao leo nimeuona ukisomwa na mchungaji, na sherifu, na Jolene binti yake mzee Arvo, aliyeendesha gari kutoka Green Bay tangu usiku: Imefungwa na Verna Tormala. Kwa kuwa ilifungwa, mfumo uliamini ameiona na anashughulika. Mtu wa pili hakuitwa. Sherifu hakuitwa.

Tulikuwa wote katika ukumbi wa chini. Verna alikaa kwenye kiti cha watoto wa shule ya Jumapili kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Sikuiona," alisema.

"Imeandikwa ulifunga," Jolene akasema. Hakupaza sauti. Ana macho ya baba yake.

"Nilitoka kidogo kusafisha ngazi, zilikuwa zimejaa theluji, watu wangeteleza. Nikarudi. Hapakuwa na kitu kwenye kioo. Jolene, mwanangu, ningeona jina la Arvo ningekwenda kwa miguu."

"Mashine haina sababu ya kukusingizia, Verna."

Kisha Jolene akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mtaalamu. Inaweza kukosea?"

Watu wote waliniangalia. Nilisema kwamba arifa huandikwa imefungwa pale tu tukio la kufungwa linapotokea. Nilisema kwa upole, kama daktari. Ilikuwa kweli, kila neno.

Verna alinitazama namna ambayo sijui kuiandika.

20 Desemba

Amefariki.

23 Desemba

Mazishi. Hapa kwetu, akizikwa mtu, kahawa ya ukumbini inamiminwa na mwanamke mmoja tu, na tangu nilipokuwa mtoto huyo amekuwa Verna. Anazunguka na birika kubwa la chuma na anajua nani anataka maziwa na nani ameachana na mumewe asikalishwe naye. Leo alifika na aproni yake ndani ya mfuko. Mke wa mchungaji alimpokea birika mikononi, kwa upole kabisa. "Pumzika leo, Verna."

Akakaa. Viti vya pande zote mbili vilibaki wazi. Tambi yake ya samaki ilikuwa mezani na kijiko hakikuchovywa. Nilifikiri kwenda kukaa naye. Nilifikiri hilo muda wote wa kahawa, mpaka watu wakaanza kuvaa makoti.

28 Desemba

Nimekwenda ofisini ingawa ni likizo. Nilitaka kumtafutia Verna pa kutokea. Msimbo unaosikiliza hulala wakati hakuna kazi, na kivinjari huuamsha tukio linapokuja. Msikilizaji asiposajiliwa mwanzoni kabisa mwa faili, tukio hupita na hakuna anayelisikia. Nilidhani huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini wasikilizaji wetu wamesajiliwa mahali pake. Tukio lilikuja, likasikika, likaandikwa. Arifa ilifungwa.

Basi alifunga. Labda alikuwa na haraka ya ngazi zake. Nimejikuta namkasirikia, na hasira hiyo ilinipa nafuu, nikalala vizuri.

2 Januari

Theluji. Mwaka mpya kwenye kalenda tu.

14 Januari

Mzee wa zamu ya Jumatano alipiga simu kulalamika. "Dada, arifa zenu zinakimbia. Napiga chafya, nikiinua kichwa haipo."

Nilikwenda. Nilikaa mbele ya ile kompyuta mpya, jina langu likiwa zamuni, na nikaomba arifa ya majaribio. Kisha nikaweka mikono mapajani. Sikujua kwa nini nafanya hivyo. Sijawahi kuijaribu hivyo, hakuna kati yetu aliyewahi. Sisi hujaribu kwa kugusa. Tunakaa tukisubiri arifa itokee ili tuibofye, na mtu anayesubiri hachelewi.

Arifa ikajitokeza. Nikaitazama. Ikakaa kwa muda wa pumzi chache, ikateleza pembeni, ikaondoka.

Ukurasa wa zamu ukaandika: Imefungwa na Senja Ruona.

Mikono yangu ilikuwa bado mapajani.

15 Januari

Nitaandika polepole ili niwe na hakika.

Kompyuta za zamani ziliiacha arifa kwenye kioo mpaka mtu aiguse. Hizi mpya huiondoa zenyewe baada ya muda mfupi. Kwa kivinjari, vyote viwili ni kufungwa, na tukio ni lilelile. Ila tukio hilo huja na neno moja la ziada, kweli au si kweli: je, ni mtu aliyefunga? Tarehe kumi na nane Desemba kivinjari kilituambia si kweli. Kilituambia waziwazi. Msikilizaji wetu hakulipokea neno hilo. Wala haulizi popote. Nimeusoma mstari ule wa msimbo mara ngapi tangu niajiriwe? Ni mfupi, ni safi, niliupenda.

Nilimwonyesha Curtis. Alikaa mbele ya kioo mikono mapajani kama mimi, akaona jina lake likiandikwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa.

"Tulisema kufunga ni kuona," alisema.

"Nani alisema?"

"Wao wenyewe, Senja. Walikuwa wanampigia mzee simu kwanza, wanarudi kuifunga arifa, na mfumo unaendelea kuwasumbua. Verna ndiye aliyekuja kunigombeza hapa ofisini. Alisema, nikifunga nimeona, bwana, niache nifanye kazi. Nikamfanyia alivyotaka."

Alirekebisha papo hapo. Mistari miwili: mmoja unauliza lile neno, mwingine unaizuia arifa isiondoke mpaka iguswe. Akaisambaza kwa makanisa yote. Katika maelezo ya toleo aliandika: Maboresho madogo.

"Na Bi Verna?" nikauliza.

"Sikiliza. Kaunti inaamua mwezi ujao kama itaweka Kahawa kila mji. Tukisema programu ilimuua mtu, wataitoa kesho. Makanisa yote yataitoa. Hao wazee watabaki na nini? Baba yangu yumo humo, Senja."

"Sisemi ilimuua."

"Jolene atasema. Wakili wake atasema. Arvo harudi. Verna ni mtu mzima, watu watasahau, majira ya kuchipua akipika samaki wa kanisa watampangia foleni kama kawaida."

Niliondoka. Ubaya ni kwamba hasemi upuuzi. Nimeyapindua maneno yake kila upande na bado sioni upuuzi.

22 Januari

Theluji juu ya theluji. Sijasema kitu.

26 Januari

Sijasema kitu. Curtis ameniletea pasti, ile sambusa kubwa ya nyama na viazi, bado ya moto, akaiweka mezani kwangu akaondoka. Niliila.

31 Januari

Nimekwenda kwa Verna. Nilijiambia nakwenda kumwona tu.

Jikoni kwake kuna vikaratasi. Juu ya jiko: Nimezima? Mlangoni: Ufunguo. Kwenye simu: Ulimpigia nani? Mwandiko mkubwa, wa mpishi, uleule uliokuwa ubaoni shuleni ukitutangazia supu ya siku.

"Usishangae, binti. Ni mazoezi." Alinimiminia kahawa, akarudi kuitazama plagi ya birika, akakaa, akainuka akaitazama tena. "Nimekwenda kwa daktari. Akaniambia nichore saa. Nikachora. Nitaje wanyama. Nikataja mpaka akaniambia basi. Anasema niko sawa kwa sasa, ila mambo haya huanza polepole."

"Mambo gani, Bi Verna?"

"Arvo aliniita, nami nikamfungia mlango, na sikumbuki." Alisema hivyo kama anavyosema hali ya hewa. "Nimekaa nimejiuliza. Kwamba nilifunga kwa uzembe, hapana, najijua. Kwa hiyo niliona, nikafunga, ikafutika kichwani. Hakuna njia nyingine. Wewe mwenyewe ulisema."

Nilishika kikombe.

"Gari nimempa jirani. Fikiria kama kuna mtoto barabarani na mimi siku hiyo kichwa kimezima. Mwezi wa tatu nahamia Arizona kwa dada yangu. Simpendi, ananuka manukato, lakini atanichunga." Akacheka kidogo, akanisogezea sukari. "Mbona umekuwa mweupe? Kula mkate. Hamli ninyi wasichana wa kompyuta."

Nilikula mkate. Nilimuaga. Alisimama mlangoni akagusa kikaratasi cha ufunguo kwa kidole, midomo yake ikisoma.

1 Februari

Nilikuwa nimejiambia kwamba nalinda wazee wengi kwa gharama ya jina la mmoja. Nililiona kama jambo la jina: viti vitupu, tambi isiyoliwa, mambo yanayopita. Sikujua kwamba amechukua mstari wetu ule akauingiza ndani ya kichwa chake na kuubeba kama ugonjwa. Ametuamini kuliko anavyojiamini.

4 Februari

Baridi kali, mbingu wazi. Curtis amevaa tai kwa ajili ya watu wa kaunti. Nimemwambia nitasema. Akaniuliza lini. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi bado hujaamua," na akaniwekea mkono begani, na nilitaka sana awe amesema kweli.

7 Februari

Nimemwambia Verna.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, koti mwilini, theluji ikiyeyuka kwenye sakafu yake. Hakuna aliyeifunga arifa ile, nilisema. Mashine iliiondoa yenyewe, na sisi tukaandika jina lako.

"Rudia."

Nikarudia.

"Polepole. Usiniletee maneno yenu."

Nilichukua kimojawapo cha vikaratasi vyake, nikakibandika ukutani kwa mate, tukakitazama mpaka kikaanguka chenyewe. Nikamwambia: kilipoanguka tuliandika kwamba Verna amekibandua.

Alikiokota. Alikisoma. Kilikuwa kile cha jiko. Akakaa, na mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Nilipomsogelea aliniangalia na haikuwa kulia kabisa, ilikuwa hasira.

"Umejua tangu lini?"

"Katikati ya Januari."

"Ulikuja hapa. Ukanywa kahawa yangu. Nikakuonyesha vikaratasi."

"Ndiyo."

"Nikakupa mkate."

"Ndiyo, Bi Verna."

Alikikunja kile kikaratasi kidogo kidogo mpaka kikawa kama punje. Nilimwomba msamaha, na maneno yangu yalisikika madogo katika jiko lile. Nikamwambia nitazungumza na Jolene, nitazungumza na mchungaji, mmoja mmoja, kwa utulivu.

"Utulivu!" Alipiga meza ya jikoni. "Mimi nilichafuliwa mbele ya watu, halafu wewe unataka kunisafishia jikoni? Mke wa mchungaji alininyang'anya birika ukumbini, wanawake wote wakiwa wamekaa wanatazama. Nenda ukaseme pale pale. Kwa kila mtu aliyesoma jina langu. Na Jolene aambiwe kwanza, kabla ya wote, na aambiwe na wewe, maana ni wewe alikuuliza."

"Wanaweza kuitoa Kahawa, Bi Verna. Wazee watabaki..."

"Nitawapigia simu mimi. Kila asubuhi. Kwani kabla yenu tulikuwa tunafanyaje?" Akafuta macho kwa aproni, kwa nguvu, kama anayefuta meza. "Sasa ondoka. Bado nina hasira nawe na nitakuwa nayo muda."

9 Februari

Jolene nilimpigia jana, Jumapili, kabla hajakwenda kanisani. Nilimweleza yote. Kisha akauliza jambo moja tu: "Kwa hiyo hakuna aliyemwona baba akaamua kutokwenda?" Nikasema hakuna. Akasema, "Nilimwambia maneno mabaya sana yule mama." Kuhusu wakili hakusema, nami sikuuliza.

Leo sikwenda ofisini. Nilikaa kwenye meza yangu ya chakula na kuandika arifa, si ya majaribio. Niliandika kwamba tarehe kumi na nane Desemba Verna Tormala hakufunga arifa ya Arvo Kangas. Kwamba kompyuta iliiondoa yenyewe, nasi tukaandika jina lake kwa sababu hatukuuliza ni nani aliyefunga. Kwamba kosa ni letu, na kwamba limesharekebishwa. Chini nikaweka jina langu na namba yangu. Nilimpigia Curtis nikamsomea yote.

"Senja, nakuomba. Subiri kikao cha kaunti kipite. Siku nne."

"Verna ameshauza meza yake ya kulia, Curtis. Bado anafungasha, mpaka watu wajue."

"Baba yangu, Senja."

"Najua. Nitakwenda kwake mimi mwenyewe asubuhi, kila siku, mkiniruhusu."

Alikata simu bila kuaga.

Ilikuwa saa tatu kasorobo, watu wa zamu wameshakaa mbele ya vioo vyao katika kila kanisa kutoka hapa hadi ncha ya rasi. Nimeituma.